Sensa ya Oksijeni: Isafishwe, Ibadilishwe au Iachwe?

Maneno yaliyotolewa mbele ya madereva na mafundi wa magari ya umma na ya biashara



Neno sensa likitajwa hapa Kenya, wengi humkumbuka karani mwenye tableti akibisha hodi usiku wa Agosti 2019 kuhesabu watu. Sensa ya leo ni nyingine. Ni kifaa kidogo, kinakaribia kulingana na plagi ya injini kwa ukubwa, kimekazwa kwenye bomba la ekzosi, na kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki katika moshi. Hata hivyo jina halijakosea sana, kwa maana kompyuta ya gari hupanga bajeti ya petroli kwa hesabu inayoletwa na kifaa hiki, na hesabu ikiletwa mbovu, bajeti huharibika.

Ubaya wake ni kwamba kikiharibika, mara nyingi gari haligomi. Linawaka asubuhi, linapanda mlima, linafika. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, ndiyo, lakini dereva ameizoea kama alivyozoea mlio wa mlango wa nyuma. Wapo hata wanaoibandika kipande cha selotepu nyeusi ili abiria wasiulize. Hasara inaingia polepole, kituo cha mafuta hadi kituo cha mafuta.

Chukueni mfano wa dereva wa Probox ya kubeba abiria, anayetembea kilomita 150 kwa siku na kumpelekea mwenye gari hesabu kila jioni. Gari likiwa zima, lita moja ilimpeleka kilomita 15, kwa hiyo lita 10 zilimtosha siku nzima. Sasa lita moja inampeleka kilomita 12. Anahitaji lita 12 na nusu. Kwa siku 26 za kazi hizo ni lita 65 za ziada, na kwa bei ya shilingi 180 kwa lita ni shilingi 11,700 kila mwezi. Mwenye gari hapunguzi hesabu yake. Pesa hiyo inatoka kwenye unga, kodi ya nyumba na karo. Na kwa gari la idara, inatoka kwa mlipa ushuru: gari la afisa wa kilimo lililopangiwa ziara nane linafanya sita, na wakulima wa wadi mbili wanasubiri hadi mwezi ujao.

Kabla ya kufika kwenye kusafisha, ni vyema kueleweka kifaa hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu makosa mengi ya karakana hutokana na kudhani kwamba ni chujio. Chujio hukusanya uchafu, ukiupangusa kinarudi kazini. Sensa haichuji chochote.

Ndani yake kuna kidole cha kauri ya zirkonia. Upande mmoja wa kauri hiyo unaguswa na moshi, upande wa pili unaguswa na hewa ya kawaida kutoka nje. Kauri ikipata joto la kama nyuzi 300 za Selsiasi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzalisha umeme mdogo. Moshi ukiwa na oksijeni kidogo, maana yake petroli imezidi, umeme hupanda kuelekea volti 0.9. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, maana yake petroli imepungua, umeme hushuka kuelekea volti 0.1. Kompyuta ikisoma juu hupunguza petroli, ikisoma chini huongeza, na mchezo huo hauishi injini inapokuwa moto. Lengo ni kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na kifaa hiki lilikuwa Volvo, mwaka 1976, na sensa ilitengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani. Zile za mwanzo zilitegemea joto la moshi peke yake. Za leo zina hita ndogo ndani, ndiyo maana zina waya tatu, nne au zaidi.

Magari mengi ya petroli yaliyoko barabarani yana sensa mbili: moja kabla ya katalaiza, ile kopo ya chuma yenye sega la kauri inayosafisha moshi, na nyingine baada yake. Ya kwanza ndiyo inayoongoza mchanganyiko wa petroli. Ya pili kazi yake kubwa ni kumchunguza katalaiza mwenyewe. Injini za V huweza kuwa na sensa nne. Landikruza kuukuu za dizeli hazina, na pikipiki za kabureta zinazobeba abiria mitaani hazina pia, ingawa pikipiki mpya zinazotumia injeksheni huwa nayo moja.

Sasa, swali linaloulizwa kila siku: je, sensa ikichafuka isafishwe?

Jibu la watengenezaji ni la. Hawashauri kuisafisha, na sababu yao si kutaka kuuza mpya tu. Uchafu unaoua sensa hauko juu ya kile kikofia cha chuma chenye matundu kinachoonekana. Uko ndani, juu ya kauri na juu ya tabaka jembamba la platini, mahali ambapo brashi haifiki, na ikifika inakwaruza. Hata hivyo jibu la fundi mwenye busara ni refu kidogo kuliko la, kwa kuwa linategemea uchafu wenyewe ni wa aina gani. Rangi ya ncha ya sensa ina mengi ya kusema kwa anayejua kuisoma.

Masizi meusi, makavu, yanayotoka kwa kidole: hii ni petroli iliyozidi. Sensa hapa huenda ni nzima. Imefunikwa na moshi wa kosa la mahali pengine, kama injekta inayovuja, chujio la hewa lililoziba, mtambo wa petroli wenye shinikizo kubwa mno, au sensa ya hewa inayoingia iliyojaa vumbi. Katika hali hii habari njema ni kwamba masizi huungua yenyewe. Kosa likitengenezwa, gari likaendeshwa nusu saa au zaidi kwenye barabara kuu bila kusimamasimama, joto la ekzosi husafisha ncha kuliko dawa yoyote ya dukani. Ndiyo usafishaji pekee unaoaminika, na hauna gharama ila petroli ya safari ambayo pengine ingefanywa hata hivyo.

Weupe kama chaki au kioo chembamba: hapa mkono wa fundi mara nyingi ndio uliofanya kazi. Silikoni ya kuziba kava ya valvu au sampu, ikiwa si ile iliyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa, hutoa mvuke unaovutwa ndani ya injini, unaungua, na kugeuka mchanga laini sana unaoiganda kauri. Hakuna petroli, sabuni wala asidi itakayoutoa bila kuharibu kilicho chini yake. Inafaa kutajwa hapa kwamba tabia ya kupaka silikoni mpaka inabubujika pembeni kama siagi kwenye mkate haizibi vizuri zaidi. Mstari mwembamba unatosha, na gasketi nzima haihitaji hata huo.

Kahawia au kijivu chenye majivu: injini inakula oili, kwa pete za pistoni au sili za valvu. Sensa mpya itakayofungwa humo itakwenda njia hiyohiyo. Weupe wenye ukijani huashiria maji ya rejeta yanaingia ndani, na gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Risasi ilikuwa adui mkubwa zamani, lakini Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, na tatizo hilo limebaki la vitabuni. Kilichobaki mitaani ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo haiungui ipasavyo na huacha masizi. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili mchanganyiko huo usiwe na faida. Dereva anayenunua kwa chupa kando ya barabara kwa sababu ni nafuu shilingi kumi anapaswa kujua anachonunua.

Kuhusu mbinu za usafishaji zinazozunguka karakanani, kila moja iangaliwe kwa macho makavu. Kulowesha sensa katika petroli usiku kucha, kisha kuifunga: petroli huyeyusha grisi na oili ya nje, lakini haigusi silikoni wala majivu. Isipokaushwa kabisa ikafungwa kwenye bomba la moto, moto wa kweli unaweza kuwaka chini ya gari. Kusugua kwa brashi ya waya au msasa hubomoa kikofia na kuharibu tabaka la juu. Kuipasha kwa moto wa gesi hadi iwe nyekundu, halafu kuichovya majini, hupasua kauri, na ufa huo hauonekani kwa macho. Asidi ya kusafishia choo, ambayo wapo wanaoitumia, haifai kutajwa mara mbili. Dawa ya kabureta inayopuliziwa ina madhara madogo kuliko hizo, na faida yake nayo ni ndogo.

Basi kwa nini wengine huapa kwamba walisafisha na gari likapona? Kwa sababu wakati wa kuifungua, mambo mengine mawili yalitendeka bila kuhesabiwa. Plagi ya waya iliyokuwa na kutu ilichomolewa na kurudishwa, mguso ukawa mzuri. Na betri ilifunguliwa, kompyuta ikasahau hitilafu, taa ikazimika. Baada ya siku chache za safari taa inarudi, na wakati huo mteja yuko kwa fundi mwingine.

Upande ambao usafi una maana kweli ni wa nje, na huu ndio unaopuuzwa. Kauri inahitaji hewa safi kutoka nje ili iwe na cha kulinganisha na moshi. Katika sensa nyingi hewa hiyo hupitia ndani ya waya zenyewe, katikati ya nyuzi za shaba. Kwa hiyo waya hizo hazipaswi kuunganishwa kwa risasi ya kuchomea wala kujazwa grisi kwenye plagi yake, kwani pumzi inaziba. Msimu wa mvua, tope la barabara za mashambani hugandamana juu ya sensa ya pili iliyo chini ya sakafu ya gari. Litolewe kwa maji ya kawaida na kitambaa, bomba likiwa limepoa, bila kuelekeza mashine ya maji ya nguvu kwenye plagi ya waya. Na wanaopulizia oili chafu chini ya gari kuzuia kutu waiepushe sensa na waya zake. Oili hiyo huziba njia ya hewa, kisha huungua na kunuka ndani ya gari.

Upimaji unatangulia fedha. Mwenye gari akiambiwa anunue sensa, ana haki ya kuuliza kipimo kilisemaje. Skana ikitoa P0135, lalamiko ni la hita ya sensa ya kwanza, na kabla ya kununua kitu fyuzi iangaliwe, maana fyuzi ni bei ya chai. Fyuzi ikiwa nzima, hita hupimwa kwa maltimita injini ikiwa baridi. Nyingi husoma omu chache tu, na ikisoma kwamba njia imekatika kabisa, hita imekufa. P0171 husema mchanganyiko una petroli pungufu, P0172 husema petroli imezidi. Namba hizi mbili hazimshtaki sensa hata kidogo. Ni sensa inayoshtaki injini. P0420 humlalamikia katalaiza. Ila katika karakana nyingi namba yoyote ikionekana, kinachobadilishwa ni sensa. Wahenga walikataza kumuua mjumbe.

Sensa ya kawaida ya zirkonia, injini ikiwa moto na ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 mara kadhaa ndani ya sekunde kumi. Ikikwama mahali pamoja au ikapanda kwa uvivu kama mtu anayeamka kutoka usingizi wa mchana, imechoka. Ya pili, baada ya katalaiza, inapaswa kutulia. Ikicheza sawa na ya kwanza, katalaiza haifanyi kazi. Tahadhari moja: Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuendelea hutumia mahali pa kwanza aina nyingine, sensa ya uwiano wa hewa na petroli, ambayo haisomeki kwa kipimo hiki. Fundi asiyeijua ataihukumu nzima kuwa mbovu. Sensa hizo mbili hazibadilishani hata kama plagi zinaingiliana.

Kuna pia uongo ambao sensa nzima inaweza kuambiwa. Ekzosi ikiwa na ufa kabla ya sensa, hewa ya nje huvutwa ndani na sensa huona oksijeni nyingi. Inaripoti ukweli ilioona. Kompyuta inaongeza petroli, gari linaanza kunusa na kunywa, masizi yanafunika ncha, na mwisho sensa inatupwa huku ufa uko palepale. Plagi ya injini isiyochoma vizuri huleta kosa hilohilo, kwa kuwa hewa ambayo haikuungua hupita na oksijeni yake yote. Ndiyo sababu fundi mzuri huanza kwa masikio: injini ikiwa baridi asubuhi, husikiliza tiki-tiki karibu na manifoldi kabla hajagusa spana.

Ufa huo una jambo zito kuliko petroli. Moshi wa petroli iliyozidi hubeba kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Ikivuja chini ya sakafu ya gari lililofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ya alfajiri, abiria huanza kuumwa kichwa na kusinzia. Katika gari la shule wanaosinzia ni watoto, na hakuna anayeshangaa mtoto kusinzia asubuhi. Gari lenye ekzosi inayovuja na taa ya injini inayowaka lisipakie mtu mpaka liangaliwe.

Yako magari ambayo katalaiza imeng'olewa ikauzwa kwa ajili ya madini yake, na sensa ya pili ikainuliwa kwa kipande cha bomba ili isione moshi vizuri, taa ikazimika. Kazi hiyo hufanywa kwa ustadi mkubwa, jambo linalosikitisha, kwani ustadi huohuo ungetosha kuziba ufa uliokuwa chanzo. Moshi unaoachwa hivyo haupotei. Unabaki stejini, kwa mama anayeuza mahindi ya kuchoma na kwa makanga anayesimama nyuma ya gari kutwa nzima.

Sensa inapokuwa imekufa kweli, kuifungua kunataka subira. Plagi ya waya hutolewa kwanza. Mafuta ya kulegeza kutu hupakwa kwenye uzi wake jioni, kazi ifanywe asubuhi baada ya injini kupashwa kidogo, bomba likiwa vuguvugu na si la kuunguza. Spana ni namba 22, au soketi maalumu yenye mwanya wa kupitisha waya. Nyundo ibaki kwenye boksi. Mpya huja na grisi yake ya uzi. Ikiwa haina, inapakwa ya kuzuia kushikana, kwenye uzi peke yake, bila kugusa ncha. Hukazwa kwa nguvu ya kiasi, karibu niutoni-mita 40 kwa nyingi zake, na waya zisisokotwe wala kulala juu ya bomba. Sensa iliyoanguka sakafuni ihesabiwe kuwa imevunjika, hata kama haina alama.

Kuhusu umri, zile zisizo na hita huchoka kati ya kilomita 50,000 na 80,000, na zenye hita zinaweza kufika 160,000. Magari mengi ya mitumba huingia nchini yakiwa na karibu miaka saba, chini ya kikomo cha miaka 8, kwa hiyo sensa iliyokuja nalo huenda imeshakula zaidi ya nusu ya maisha yake kabla ya kushuka Kilindini. Kununua ya mtumba iliyotolewa kwenye injini nyingine ni kununua nusu iliyobaki ya mtu mwingine, bila kujua ni nusu kubwa au ndogo. Ikibidi, basi ipimwe kwanza ikiwa imefungwa, na muuzaji akubali kurudishiwa.

Kwa magari ya idara, kazi ikimalizika fundi afute namba za hitilafu, gari liendeshwe likiwa baridi hadi liwe moto, kisha skana isomwe tena kabla ya dereva kutia sahihi. Tarehe, kilomita na rangi ya ncha ya sensa iliyotolewa ziandikwe kwenye daftari la gari. Sensa ya zamani ifungwe kwenye karatasi na kukabidhiwa pamoja na risiti, ili atakayelipokea gari hilo mwakani ajue kama ilikuwa nyeusi au nyeupe.